Msaada Uko Njiani

Umeme ulikatika mchana, muda mfupi baada ya chakula, na chumba cha kufulia nguo cha hospitali kikanyamaza ghafla. Mashine kubwa zilizokuwa zikizungusha mashuka ya wodi ya upasuaji zilijivuta, zikakohoa, zikasimama na maji yake tumboni. Wafuaji wakashangilia kama watoto wa shule waliosikia kengele, wakatoka nje kupunga upepo. Aliyebaki ndani ni Mama Pacha peke yake, amesimama mbele ya meza ya kukunjia.

Kazi hii aliipenda kwa sababu ya kelele zake. Mtu asiyetaka kuongea hapati mahali pazuri kuliko chumba ambamo hata ukipayuka husikiki. Wenzake walidhani ana maringo. "Huyo maneno yake kayaweka benki," walikuwa wakisema, "anasubiri riba." Yeye alikuwa akitabasamu tu na kuvuta shuka jingine.

Hata simu yake ilikuwa ya mapambo. Mumewe, fundi wa majokofu, alishawaeleza ndugu na jamaa kwamba mkewe hapigiwi, anaandikiwa ujumbe. Mama Pacha aliwahi kuwa askari kabla hawajaoana, akaenda vitani kule mpakani, na tangu arudi mlio wa simu unamsumbua. Zaidi ya hapo hata fundi mwenyewe hakujua. Alipomuuliza alikuwa akifanya nini huko, mkewe alimjibu, "Nilikuwa ofisini," na fundi akashukuru moyoni kwamba ilikuwa ofisi.

Sasa, katika kimya kile, simu ikaita mfukoni mwa aproni. Aliitazama. Alikuwa mama mkwe wake, aliyekaa nao nyumbani. Mama huyo macho yalikuwa yamechoka, ujumbe hawezi kuandika, lakini siku zote alimpigia mwanawe. Kumpigia mkwewe hakuwahi. Mama Pacha akapokea.

"Mama Pacha! Nimeanguka, mwanangu. Niko hapa bafuni, mguu haunyanyuki. Mumeo nampigia hapokei."

"Nakusikia, mama." Sauti iliyomtoka haikuwa yake ya siku zote. Ilikuwa tulivu, imenyooka, kila neno limesimama peke yake. "Tulia hapo hapo. Usijaribu kusogea. Msaada uko njiani."

"Haya, mwanangu. Mungu akubariki."

Mama Pacha akairudisha simu mfukoni. Akachukua shuka, akakutanisha pembe na pembe, akakunja. Akachukua jingine. Umeme uliporudi, mashine zikaanza tena kunguruma, naye akaendelea kukunja mpaka zamu ikaisha. Hakumwambia mtu yeyote. Hakumpigia mumewe, hakumpigia jirani, wala hakupanda ngazi kwenda kuomba gari la wagonjwa, ambalo lilikuwa limeegeshwa pale pale nje ya dirisha.

Jioni alipofika nyumbani alikuta majirani mlangoni na mapacha wake wanalia. Fundi alikuwa ndani, amemkuta mama yake sakafuni, midomo imemkauka, nyonga imevunjika. Walimpakia mzee kwenye gari la jirani, na fundi akageuka kumtazama mkewe.

"Mama anasema alikupigia. Anasema ulimwambia msaada unakuja. Ulimwita nani?"

Mama Pacha alifungua mdomo. Ile simu ilimrudia kama ndoto inavyomrudia mtu anaponawa uso asubuhi, kipande kwa kipande. "Sikumwita mtu," alisema.

Fundi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alifunga mlango wa gari taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala, wakaondoka.

Baada ya upasuaji, mama mkwe alilazwa kwenye wodi ya wanawake. Alikuwa mwanamke wa maneno, na dawa za usingizi hazikumpunguzia hata moja. Mama Pacha alisimama miguuni pa kitanda, hathubutu kusogea. Wageni wengine walipotoka, mama mkwe akamwita kwa kidole.

"Njoo hapa. Siumi, na meno yenyewe wameyaweka kwenye glasi."

Akasogea.

"Nataka kujua kitu kimoja. Nilikuwa nimekaa pale kwenye saruji, nimetulia kama bibi harusi anayesubiri kufuatwa. Nikitaka kumpigia jirani kelele, najiambia la, mke wa mwanangu kashasema wanakuja, ya nini nijiaibishe na mimi niko nusu uchi? Jirani alikuwa anafua uani. Nilikuwa nasikia ndoo zake. Nikanyamaza kwa sababu yako. Sasa niambie. Nimekukosea nini?"

Mama Pacha alishika chuma cha kitanda. Kama mama yule angemtukana, angevumilia, maana matusi alikuwa ameyasubiri. Lakini kuulizwa kosa na mtu uliyemkosea wewe! Alitoka wodini, na fundi akamkuta kwenye korido, amekaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Sema," fundi alisema, akakaa pembeni yake. "Hata kama ni baya. Sitaondoka hapa mpaka useme."

Ndipo alipomwambia.

Kule mpakani alikuwa mtu wa redio ya mawasiliano. Askari walimwita Kasuku, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kurudia aliyoambiwa, na kwa kuwa sauti yake ilikuwa nzuri. Walisema hata akitangaza habari za kifo utadhani anakukaribisha chai. Siku moja kikosi kidogo kilizingirwa kwenye ghala la pamba, ng'ambo ya daraja. Walianza kuita asubuhi. Kapteni alisimama nyuma ya kiti chake akasema, "Waambie watulie hapo hapo. Msaada uko njiani." Naye akawaambia.

Wakaita tena. Akawaambia tena. Lakini dirisha la chumba cha redio lilitazama uwanja, na magari yote ya deraya yalikuwa uwanjani, injini zimezimwa, madereva wanakula. Akamgeukia kapteni. "Afande, magari hayajaondoka."

"Hayaendi."

"Basi niwaambie warudi?"

"Wakijua hakuna msaada watakimbia, na wakikimbia daraja limekwenda. Wakitulia pale, tunapata muda wa kujipanga huku. Umenielewa?"

"Nimeelewa, afande."

"Nilielewa," alimwambia mumewe. "Hilo ndilo unapaswa kulijua. Sikudanganywa. Nilielewa, na bado nikarudi kwenye redio. Waliniita kwa jina langu lile, Kasuku, wapi msaada? Nikawaambia uko njiani. Kuna mmoja alikuwa ananishukuru. Kila nikisema, ananishukuru. Mchana ule ule redio yao ikanyamaza. Mimi nikaenda kula."

"Na mama?" fundi aliuliza.

"Kulikuwa kimya. Sauti ikatoka yenyewe. Baada ya kuisema, nikaona kama kazi imekwisha. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Nikishasema, kazi yangu imekwisha."

"Mke wangu," fundi alisema, na sauti yake ilikuwa imepasuka, "mimi najua majokofu. Gesi ikivuja naiziba. Hili ni kubwa kuliko mimi. Lakini watoto wangu siwezi kuwaacha na wewe hivi. Nisamehe kwa kusema hivyo."

"Umesema kweli."

Nyuma ya hospitali kulikuwa na jengo lenye mlango wa bluu, la matibabu ya akili, ambalo watu walipita wakitazama pembeni. Wafuaji waliyajua mashuka yake kwa alama ya uzi mwekundu, na yalipoletwa hapakukosekana wa kusema, "Haya, ya wale wenye waya uliolegea hayo." Mama Pacha naye alikuwa akicheka, kicheko cha kufuata wenzake. Ndani hakuwahi kuingia, alikuwa akiyaacha mashuka kizingitini.

Asubuhi iliyofuata alibisha. Muuguzi aliyefungua alimtambua kwa aproni.

"Umeleta mashuka?"

"Hapana," Mama Pacha alisema. "Nimejileta."

Muuguzi akasogea kando, akampisha.

Daktari alimpa dawa za kumsaidia kulala na akampangia siku za kuonana na mshauri. Mshauri alikuwa mwanamume mnene, mpole, mwenye tabia ya kuvua viatu akianza kusikiliza. Baada ya muda alimwambia kwamba kuna kikundi cha waliowahi kupigana, wanakutana kila Alhamisi kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. "Usipotaka kusema, usiseme," alimwambia. "Kusikiliza nako ni kazi."

Akaenda. Walikuwa wachache, wamekaa kwenye viti vya plastiki katikati ya mikeka na mipira mikubwa ya mazoezi. Mzungumzaji wao mkuu alikuwa dereva mstaafu wa lori la jeshi, mzee aliyejaa mizaha. "Karibu, mama," alimwambia. "Hapa hatuulizani cheo. Kwa usingizi sote ni makuruta, maana hatuupati." Pembeni yake alikaa fundi rangi, mwanamume mwembamba mwenye madoa meupe kwenye kucha, ambaye kila mara alikuwa akigeuza shingo kuutazama mlango.

Mara za kwanza Mama Pacha hakusema neno, alitikisa kichwa tu. Fundi rangi ndiye aliyesema. Alisimulia kwamba hawezi kupaka rangi chumba chenye mlango mmoja. Mteja akimpeleka chumba kama hicho, anatoa udhuru, anakimbia. Alisema ana rafiki aliyefia mikononi mwake, jina lake la utani Mrefu, na kwamba yeye ndiye aliyemuua. Mshauri alimuuliza alimuua vipi. Fundi rangi akasema, "Siku nyingine."

Alhamisi iliyofuata mshauri alimgeukia Mama Pacha, akamuuliza kama leo angependa kusema hata salamu tu. Akaona si vizuri kukataa kila siku.

"Nawasikia wote," alisema. "Nashukuru kwa kunipokea."

Kiti cha fundi rangi kilianguka. Alikuwa amesimama wima, uso umekuwa wa kijivu.

"Sema tena," alisema.

"Ndugu yangu, kaa," mshauri alisema.

"Mwambie aseme tena! Mwambie aseme, msaada uko njiani."

Mama Pacha alimtazama, akajua. Angeweza kukana. Sauti si alama ya vidole, na mwenzake alikuwa mgonjwa, wangemwamini yeye. Wazo hilo lilimpitia kichwani, likapita.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye Kasuku."

Fundi rangi alicheka, kicheko kibaya kisicho na pumzi. "Unajua nimekutafuta? Si kwa ubaya. Nilidhani ulikufa, na wale wa msaada walikuja wakapigwa njiani. Nimekuwa nikikuombea dua. Yalipatwa na nini yale magari?"

"Hayakuondoka."

"Yaliharibika?"

"Yalikuwa uwanjani. Niliyaona kwa dirisha. Nilijua hayaji."

Dereva mstaafu alijikuna shavu, akatazama chini. Fundi rangi alibaki amesimama, mikono inaning'inia, na alipoanza kusema aliongea polepole, kana kwamba anamweleza mtoto.

"Nyuma ya ghala kulikuwa na mtaro wa maji. Mrefu aliuona mapema. Akasema twende, tutambae, tutatokea mtoni. Mimi nikamshika mkanda. Nikamwambia, wewe mjinga nini, hukumsikia dada? Kasema tutulie, wanakuja. Akataka kwenda tena, nikamshika tena. Nilimkalia, mama. Nilimkalia mgongoni kumzuia, huku nakushukuru wewe kwenye redio. Ukuta ukatuangukia. Yeye akafa, mimi nikazimia. Nilipozinduka nilipita kwenye mtaro ule ule, nikatokea mtoni, mzima." Alijipiga kifua. "Mzima!"

"Sikujua kuhusu mtaro," Mama Pacha alisema.

"Ungejua ungesemaje?"

Hilo lilikuwa swali la kweli, na wote walisikia kwamba ni la kweli. Kapteni nyuma ya kiti, madereva wanakula, sauti ile inamshukuru. Mama Pacha alitamani kusema kwamba angewaambia wakimbie. Neno lilikuwa mdomoni tayari, tamu.

"Sijui," alisema. "Nadhani ningesema hivyo hivyo."

Fundi rangi aliokota kofia yake akatoka, na mlango ukabaki wazi.

Mama Pacha alimwambia mshauri kwamba harudi tena. "Mahali pa kuponea pa yule mtu nimepaharibu. Nimemfukuza kwenye nyumba yake."

Mshauri alikuwa anavaa viatu. "Unadhani ukiondoka wewe, atarudi yeye?"

"Labda."

"Na ukibaki?"

"Labda atarudi kunipiga."

"Basi tutakuwa wengi wa kumshika," alisema, bila kucheka. "Mimi siwezi kukuambia huna hatia. Ningekuambia hivyo usingeniamini, na ungefanya vizuri. Ninachoweza ni kukaa na wewe wakati unaibeba. Yule kapteni ana sehemu yake. Vita ina sehemu yake. Yako ni ipi hasa, hatujaijua bado. Umekuwa ukibeba yote kwa sababu hujawahi kuipima."

Akabaki. Alhamisi kadhaa zilipita na kiti cha fundi rangi kitupu. Dereva mstaafu alimtembelea nyumbani, akarudi na habari kwamba yu hai, anakula, na amemfukuza na brashi mkononi. "Mtu anayefukuza wageni hajafa moyo," alisema.

Kisha siku moja fundi rangi alirudi. Alichelewa, akavuta kiti, akakiweka mbali na wengine. Mazungumzo yalipotulia, akasema bila kumtazama Mama Pacha:

"Nina neno moja. Miaka yote hii nimesema nimemuua Mrefu. Mke wangu alinisikia nikilisema mpaka akachoka, akaenda kwao. Tangu Alhamisi ile, nikitaka kulisema nakwama. Naanza 'nime...', halafu nakukumbuka wewe, nashikwa na hasira. Hasira ni bora. Nalala nayo." Akautazama mlango. "Sijakusamehe."

"Sijaomba," Mama Pacha alisema. "Sioni kama nina haki ya kuomba."

"Usiombe kwanza."

"Sawa."

"Lakini yule kapteni. Mtaje jina. Nataka kulijua."

Akamtaja. Fundi rangi alilirudia jina lile kwa sauti ndogo, mara kadhaa, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi. Kisha akamtaka asimulie siku ile yote kutoka upande wake, tangu alipoamka, asiruke kitu, na Mama Pacha akasimulia. Alipofika mahali pa kwenda kula, alisita. "Ulikula nini?" fundi rangi aliuliza. "Maharage," alisema, akaanza kulia kwa mara ya kwanza, na fundi rangi akageuza uso mlangoni, akamsubiri amalize.

Hawakuwa marafiki. Alhamisi nyingine alikuja, nyingine hakuja. Alipokuja, wakati mwingine alimuuliza jambo moja kuhusu siku ile, akajibiwa ukweli, likaishia hapo.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali na anajifunza kutembea kwa magongo. Fundi aliongea na jirani aje kukaa naye kila mchana, hata siku ambazo Mama Pacha hakuwa na zamu. Hakuna aliyeeleza kwa nini, na Mama Pacha hakuuliza. Alipika, akafua, akawasomesha mapacha, na alipopita mlango wa chumba cha mama mkwe alimsikia jirani akikohoa kwenye kiti chake, mlinzi asiye na bunduki. Aliona ni haki. Alimweleza mama mkwe yote, kwa kituo, siku mbili baada ya mzee kurudi. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia," akageukia ukuta.

Wakakaa hivyo muda mrefu. Hata mapacha walizoea, wakawa wanamwita jirani "bibi wa zamu."

Siku moja ya mapumziko yake, jirani alikuja mapema kuliko kawaida, na Mama Pacha akamsikia mama mkwe akimwambia, "Wewe nenda kwako ukapumzike. Una nyumba yako na mume wako. Mama Pacha yupo."

"Na Baba Pacha akiuliza?"

"Mwambie nimekufukuza. Nilimzaa mimi, hakunizaa yeye."

Mlango wa nje ukafungwa. Mama Pacha alisimama jikoni, mikono ina sabuni, hajui aende au abaki.

"Huko jikoni kuna mtu au kuna paka?" mama mkwe aliita.

"Nipo, mama. Nakuja."

Alikwenda hapo hapo, bila hata kujifuta mikono. Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani, mguu umenyooshwa, chupa ya mafuta pembeni. Mtaalamu wa viungo alikuwa ameagiza mguu ukandwe kabla ya mazoezi, na jirani, alisema, alikuwa na mikono kama ya mtu anayepapasa yai.

Mama Pacha akapiga magoti. Akamimina mafuta kiganjani, akaanza juu ya goti, akakaribia lile kovu refu lililokuwa bado linang'aa. Hapo, chini ya ngozi, palikuwa na chuma kilichowekwa kwa sababu yake, na kingekaa pale mpaka mwisho.

"Mama," alisema, "siku ile..."

"Siku ile naijua. Nilikuwepo." Mama mkwe alijiegemeza kwenye mto, akafumba macho. "Kanda. Na ukiniumiza nitasema, sitanyamaza tena. Nimejifunza."

Mama Pacha akakanda.